V8 na mafuta ya Mwanza: kabla hujauliza "inakula ngapi"

Mhasibu wa Wese (mleta mada)

Wakuu, habari za jioni.

Jukwaa hili halikosi mtu wa kuuliza: "Nimepata V8 ya mkononi, bei nzuri, ulaji ukoje?" Majibu tunayajua. Wa kwanza atamwambia ukiona unauliza ulaji, basi gari hilo si saizi yako. Wa pili ataleta habari za shemeji yake anayepata kilomita 12 kwa lita, tena kiyoyozi kikiwa kimewashwa. Muulizaji anaondoka kama alivyokuja.

Kazi yangu ni kusimamia magari ya ofisi hapa Mwanza. Risiti za mafuta zinapita mezani kwangu, na mashangingi yamo. Kuna jambo naona wengi wanalielewa kinyume: V8 haikumalizi safari ya Dar. Inakumaliza hapa hapa, kati ya Buzuruga na mjini.

Kwanza tukubaliane tunaongelea gari gani, maana V8 ni injini ya silinda nane, ila kwetu kila Land Cruiser kubwa yenye vioo vyeusi ni "V8". Land Cruiser 200 ilianza 2007 ikakoma 2021 kupisha 300. Humo ndani kuna ya petroli cc 4,600, kuna cc 5,700 ambayo ndiyo inayokaa pia kwenye Lexus LX 570, na kuna dizeli cc 4,500 yenye turbo mbili (turbo ni pampu inayosukuma hewa ndani ya injini). Kwa nje ni ndugu, kwenye sheli hawajuani. Ukiuliza ulaji wa V8 bila kusema injini, unajibiwa na kila mtu kwa gari lake.

Namba za kiserikali zipo. Wakala wa Mazingira wa Marekani (EPA) aliipa LX 570 ya 2016 maili 13 kwa galoni mjini na 18 barabara kuu. Kwa lugha yetu ni kama kilomita 5.5 kwa lita mjini na 7.7 njiani. Australia, ambako 200 ya dizeli iliuzwa sana, namba rasmi ya mchanganyiko ni lita 9.5 kwa kilomita 100, yaani kilomita 10 na ushei kwa lita. LX 570 kule iliandikiwa lita 14.4, karibu kilomita 7. Ukikutana na mtu anasema LX yake inampa 12, mwambie akapime upya.

Sasa njoo Mwanza. Gari hili lina tani 2.6 hadi 2.7 kabla hujapanda wewe na mizigo. Kuliondoa kwenye kusimama hadi spidi 50 kunahitaji nishati ambayo, kwa injini ya petroli, ni kama mililita 30 na kitu za mafuta. Inaonekana kidogo. Lakini pita Barabara ya Nyerere saa moja asubuhi kutoka Igoma: daladala imesimama katikati, bodaboda amekukatiza, Mabatini hapo unasogea futi mbili mbili. Ukisimama na kuondoka mara 30 umeshaunguza karibu lita nzima kwa kazi ya kusukuma uzito tu, kisha breki zikaugeuza uzito huo kuwa joto. Hapo hatujahesabu mwendo wenyewe.

Weka na milima. Anayeishi Isamilo au Bugando juu anaijua. Kupandisha tani 2.7 kimo cha mita 100 kunataka karibu theluthi ya lita ya petroli juu ya ile ya kawaida. Vitz ikipanda mlima huo huo inatumia kama theluthi ya hiyo theluthi. Na wengi wa Capri Point na Isamilo safari zao ni fupi: dakika kumi unashuka mjini, injini ya cc 5,700 haijapata hata joto lake. Injini ikiwa baridi kompyuta inamimina mafuta zaidi makusudi. Kwa maisha ya namna hiyo, kuona kilomita 4 kwa lita si ubovu wa gari.

Kwa bei ya 3,000 kwa lita ili hesabu iwe rahisi (bei kikomo halisi EWURA wanaitangaza kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, na ya Mwanza huwa juu ya Dar kwa sababu ya usafirishaji), mtu wa kilomita 30 kwa siku kwenye ulaji wa 4 anachoma 22,500 kila siku. Kwa siku 26 za kazi ni 585,000. Na hajatoka nje ya jiji.

Nawasilisha. Matusi weka pembeni, leteni hoja.

Sato wa Kuchoma

Ukiwaza hayo yote chukua IST mkuu 😂

Mhasibu wa Wese

IST haivuti tela la boti, mkuu. Kila gari na kazi yake.

Kijana wa Nyegezi

Mleta mada umeongea vizuri ila umewaonea Wajapani, Waingereza umewaacha. Nina mpango wa Range Rover Vogue ya 2013, dizeli 3.0. Nimesoma gazeti la kule kwao, wanasema maili 37.7 kwa galoni. Nimepiga hesabu ni kilomita 16 kwa lita. Hiyo inashinda hata Prado. Body yake yote ni aluminiamu, nyepesi.

Mhasibu wa Wese

Kaka, namba umeisoma sawa, galoni ndiyo umeikosea. Galoni ya Uingereza ni lita 4.55, ya Marekani ni 3.79. Ukisoma gazeti la Kiingereza la Uingereza, zidisha maili kwa 0.354. Ukisoma la Marekani, zidisha kwa 0.425. Hiyo 37.7 inakuwa kilomita 13.3, sio 16.

Halafu hiyo 13.3 yenyewe imetoka kwenye kipimo cha zamani cha Ulaya kilichoitwa NEDC. Gari linawekwa maabara juu ya rola, linaendeshwa dakika 20, umbali wa kilomita 11, wastani wa spidi 33 na kitu, na linaongeza mwendo taratibu sana. Ulaya wenyewe walikiacha kuanzia 2017 wakaleta WLTP, kwa sababu watu barabarani walikuwa hawazioni zile namba. Kwa mtu mzima anayeendesha kawaida, punguza.

Ila la aluminiamu umesema kweli. Range Rover iliyotoka 2012 ilikuwa ya kwanza kwenye SUV kuwa na bodi nzima ya aluminiamu, wakapunguza mamia ya kilo dhidi ya ile ya nyuma yake. Ndiyo maana injini ndogo ya 3.0 inaweza kulibeba. Kwa dizeli ya kifahari, ni gari la heshima kwenye mafuta.

Fundi Nyakato

Niongeze hapo kwa kijana wa Vogue. Hizo dizeli za Ulaya zina chujio la masizi kwenye ekzosi. Chujio hilo linajisafisha kwa kuchoma masizi, na ili yachomeke gari lazima liende mwendo mrefu limechemka vizuri. Wewe ukikaa nalo Nyegezi–mjini, Nyegezi–mjini, linaanza kujisafisha, unazima. Kesho linaanza tena, unazima. Kila likianza linamwaga dizeli ya ziada. Utaona ulaji umepanda na huoni sababu. Mara moja moja lipeleke hadi Magu huko na urudi, lipate pumzi.

Na sasa niseme la mafundi wenzangu, wanune wasinune. Thamostati, ile vali inayozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Gari likichemka kidogo tu, fundi anaitoa anaitupa, anamwambia tajiri "Afrika joto, haihitajiki". Tajiri anafurahi mshale wa joto umelala chini. Ule mshale kulala chini maana yake injini haifiki joto lake la kazi, kompyuta inaona bado ni asubuhi, inaendelea kumimina. Nimeshapokea V8 za petroli zinalalamikiwa ulaji, nikifungua thamostati haimo. Weka mpya, safisha rejeta, ndio dawa ya kuchemka.

Mhasibu wa Wese

Fundi, wabeja sana. Hili la thamostati ningelibandika juu kabisa kama kuna uwezekano.

Msukuma Halisi

Mimi nina swali la kisayansi. Mwanza tuko juu, mita elfu moja na mia na kitu kutoka baharini. Hewa nyepesi. Si ndiyo sababu magari yanakula zaidi huku kuliko Dar?

Mhasibu wa Wese

Ziwa lenyewe liko kama mita 1,134, kwa hiyo hewa yetu ni nyepesi kwa takriban asilimia 10 kuliko ya Dar. Kwenye magari ya kabureta ilikuwa kweli: hewa imepungua, petroli inaingia ile ile, moshi mweusi. V8 hizi zina sensa zinazopima hewa na oksijeni, petroli inapunguzwa kulingana na hewa iliyopo. Utakachokosa ni nguvu, sio mafuta, na petroli isiyo na turbo ndiyo inayopoteza zaidi. Dizeli ya turbo mbili haijali sana.

Tena barabarani hewa nyepesi ni faida. Gari pana hili kazi yake kubwa kwenye lami ni kupasua upepo, na huku upepo wa kupasua ni mwepesi.

Tochi ya Kijijini

Kwenye upepo hapo fafanua. Jamaa yangu anapanda Dar na 200 ya dizeli, anajaza tenki zote mbili hapa Mwanza, anafika Dar bila kugusa sheli. Mwingine ana ile ile, akifika Morogoro anatafuta mafuta.

Mhasibu wa Wese

Wote wawili wanasema kweli. Tenki kubwa la 200 ni lita 93 na dogo lita 45, jumla 138. Mwanza hadi Dar kupitia Shinyanga, Singida na Dodoma ni zaidi ya kilomita 1,100. Anayepata kilomita 9 kwa lita ana kilomita 1,240 ndani ya gari, anafika na akiba. Anayepata 7 ana 966, huyo Morogoro mkono uko mfukoni.

Tofauti yao ni mguu. Nguvu ya upepo inapanda kwa mraba wa mwendo. Toka 80 kwenda 120 mwendo umeongezeka nusu, lakini upepo unaosukumana nao umeongezeka mara mbili na robo. Na boksi lenye upana wa mita karibu mbili, juu umelifunga keria tupu ya mapambo, usitegemee huruma. Ndiyo maana kuna madereva huwa nawaambia kwa utani kwamba tochi za trafiki kule Singida zinawasaidia kubana matumizi. Vijiji vya spidi 50 vimejaa njia nzima, anayetembea kwa utulivu katikati ya vijiji hapotezi muda mwingi kama anavyodhani, kwa sababu yule aliyempita kwa 140 watakutana kijiji kinachofuata, mmoja anaandikiwa.

Mteremko wa Sekenke usiweke nyutro. Wapo wanaoamini wanaokoa mafuta. Ukiacha gari kwenye gia na kuachia pedali ya mafuta, nozeli zinafungwa kabisa, injini inazungushwa na tairi. Ukiweka nyutro injini inahitaji mafuta ili isizime, na breki za tani 2.7 umeziachia mzigo wote. Unalipa mara mbili.

Dada wa Kirumba

Samahani kaka zangu, naomba niingilie. Sisi tuna LX ya biashara, inatumika na mume wangu na dereva. Dereva kila jioni anasema lita zimeisha, na kwenye dashibodi kilomita ni chache. Nimeshamwazia vibaya, kusema ukweli. Najuaje kama ni gari au ni mtu?

Mhasibu wa Wese

Dada yangu, kabla hujamwita kijana mwizi angalia mambo mawili.

La kwanza, injini inaunguruma muda gani gari likiwa limesimama? Bosi yuko kikaoni saa mbili, dereva anamsubiri nje na kiyoyozi, maana akipanda gari lazima liwe baridi. V8 kubwa ikiwa imesimama hivyo inakula zaidi ya lita moja kwa saa. Saa tatu za kusubiri kwa siku ni lita tatu, nne, na odometa haijasogea hata mita. Mkigawa kilomita kwa lita, namba inakuja ya aibu na dereva hana kosa. Bosi ndiye anayekunywa hayo mafuta.

La pili ni kipimo. Ile namba ya dashibodi ni makisio ya kompyuta. Jaza mpaka pampu ikate yenyewe mara ya kwanza, basi. Usimruhusu kijana wa sheli aanze kulitikisa gari kwa bega ili "ishuke iingie na nyingine". Ukitikisa leo na kesho usitikise, hesabu yote imeharibika, na kwenye tenki la lita 93 tofauti si ndogo. Sifurisha tripu mita, endesheni kawaida hadi likaribie nusu, rudi sheli ile ile, pampu ile ile, gari lisimame upande ule ule. Lita zilizoingia ndizo zilizotumika. Gawanya. Fanyeni hivyo kwa ujazo kadhaa mfululizo, ujazo mmoja haukwambii kitu. Na angalia stika ya Wakala wa Vipimo kwenye pampu kama ni ya mwaka huu.

Mkishapima hivyo, siku atakayoacha gari na lita zikapotea usiku, itaonekana bila kugombana.

Dada wa Kirumba

Asante kaka. La kumsubiri kikaoni ndilo lenyewe, na bosi ninalala naye nyumba moja. 🙈

Fundi Nyakato

Dada angalia na tairi. Mnunuzi akichukua 200 au LX kitu cha kwanza anataka tairi za meno ya porini, kubwa, gari liwe juu. Tairi ya kiwandani kwenye 200 nyingi ni 285/60 R18. Akivaa 285/65 R18 kipenyo kinaongezeka kama asilimia tatu na nusu. Gari likitembea kilomita 100 za kweli, odometa inaandika 96 na nusu. Kwa hiyo ulaji umepanda kidogo kweli kwa sababu ya uzito na meno ya tairi, lakini kingine kilichopanda ni cha kwenye karatasi tu. Watu wanabadilisha plagi bure.

Na upepo. Hapa mjini tairi nyingi nazikuta chini. Kuna stika kwenye fremu ya mlango wa dereva, soma, usiulize kijana wa pancha.

Kijana wa Nyegezi

Mhasibu, sasa mimi nikasema niache Vogue, nisubiri 300. Nasikia inakula kama Harrier.

Mhasibu wa Wese

Haili kama Harrier, kaka. Australia 300 ya dizeli 3.3 imeandikiwa lita 8.9 kwa kilomita 100, dhidi ya 9.5 ya 200 ya dizeli. Imepungua lita 0.6. Wameondoa V8 wakaweka V6, gia kumi badala ya sita, gari limepungua karibu kilo 200, na matokeo yake kwenye dizeli ni hayo. Tenki nalo wamelipunguza, jumla lita 110. Mtu akinunua 300 kwa sababu ya mafuta peke yake ananichekesha. Tofauti ya bei ya kununua inaijazia 200 mafuta miaka mingi.

Na hapa kuna kitu kinachowapotosha watu kwenye hesabu yetu ya kilomita kwa lita. Gari likitoka kilomita 5 kwenda 6 kwa lita, watu wanasema "ah, moja tu". Kwa kilomita 100 umetoka lita 20 kwenda 16.7, umeokoa lita 3.3. Likitoka 12 kwenda 13, nayo "moja tu", umeokoa lita 0.6. Kilomita moja ya huku chini kwa walafi ni ghali mno. Kwa hiyo mwenye LX ya petroli ndiye anayefaidi zaidi akiweka thamostati, akijaza upepo, akizima injini kikaoni. Mwenye gari dogo akihangaika hivyo anaokoa pesa ya vocha.

Ushauri wangu kwako, kama kweli unataka gari la kifahari na unakaa mjini siku tano za wiki: dizeli, na uwe na safari ndefu za mara kwa mara za kulinyoosha. Kama safari zako zote ni Nyegezi–mjini, hata petroli ya cc 4,600 iliyotunzwa itakusumbua kidogo kuliko dizeli ya Ulaya yenye chujio lililoziba. Utalipa sheli, hutalipa gereji.

Sato wa Kuchoma

Nimesoma uzi wote. Nabaki na IST.

Binti Sengerema

Mkuu Mhasibu, swali la mwisho. Mimi V8 ya dizeli ya baba naitumia kwenda Sengerema kila mwisho wa wiki. Tangu daraja la Kigongo–Busisi lifunguliwe mwaka 2025 wengine wanasema kivuko cha Kamanga ni hasara, wengine wanasema ndiyo kinaokoa mafuta. Nishike lipi?

Mhasibu wa Wese

Inategemea unaanzia wapi, dada. Ukianzia Nyegezi au Usagara, darajani bila mjadala, na umeachana na ile foleni ya zamani ya Kigongo ya injini kuunguruma kusubiri pantoni. Ukianzia Kirumba au katikati ya jiji, Kamanga unaondoka hapo hapo mjini, na majini gari limezimwa halili kitu. Chukua nauli ya gari ya kivuko uigawe kwa bei ya dizeli ya siku hiyo, upate ni lita ngapi. Kisha sifurisha tripu mita, nenda kwa Kamanga, rudi kwa daraja, uone njia ya daraja imezidi kilomita ngapi. Kwa dizeli hiyo zigawanye kwa 9. Lita za nauli zikiwa nyingi kuliko lita za kilomita zilizozidi, pita darajani. Na ukipanda kivuko zima gari ukiwa bado kwenye foleni ya kuingia, usisubiri mpaka likae juu ya pantoni.